Vioo Alivyosugua Mama

Mtaa wa Tena, Nairobi
Ijumaa, 26 Agosti 1994

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, si umesimama mlangoni mguu mmoja nje kama ulivyozoea. Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Mahindi yameingia ghalani yote, au nyani wamejilipa mshahara wao kwanza? Nimesikia ng'ombe amezaa dume tena. Pole sana, huyo naye hana huruma hata kidogo. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, na kabla hujaanza kusema ni kwa sababu ya kuishi kwa chai na mkate, ngoja kwanza usome.

Barua hii isome wewe mwenyewe. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichojifunzia kusoma pale gumbaru, shule ya watu wazima, na herufi nimezifanya kubwa kubwa kwa ajili ya macho yako. Usimpe Mutunga akusomee. Ni ndugu yangu na ninampenda, lakini mdomo wake hauna mlango, na jioni haitafika kabla soko lote la Wamunyu halijajua mambo yetu. Ukichoka, weka chini, kunywa maji, halafu uendelee. Lakini ufike mwisho leo leo, Mwaitu. Nakuomba sana ufike mwisho leo.

Jumapili iliyopita Mutunga alipita hapa akanimwagia maneno yako yote, pamoja na yale uliyomkataza asiniambie. Alisema umeapa hutakanyaga Nairobi tena mpaka ufe. Alisema watu wakikuuliza habari za safari unawajibu kwamba ulikwenda kumharibia mtoto wa watu masomo. Alisema pia vinyago vya kina mama wa chama vimelala guniani, hujashika msasa tangu urudi, na wao walipokuja kukuita uliwaambia mikono yako imekuwa na mkosi. Hilo la mikono lilinichoma moyo. Mikono gani hiyo yenye mkosi? Si ndiyo hiyo iliyosugua twiga na vifaru vya Baba mpaka unga wa mti ukawa unakaa kwenye nyusi zako kama poda? Na Baba alipotuacha, si ndiyo hiyo iliyosugua vya wachongaji wengine mpaka mimi nikamaliza shule? Nililia mbele ya Mutunga, na unamjua, akiona mtu analia anatafuta kofia yake. Aliondoka bila kula, kabla sijamweleza chochote.

Basi nianze na zile kelele. Nilikupigia kelele, Mwaitu, tena mbele ya jirani yangu Nangila. Nilikwambia umetumaliza. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nikafungua geti, nikaona vile vioo umevipanga ukutani vinang'aa juani, nikaanza kupayuka. Lakini hata mtu akiwa na homa ya malaria hamwambii mama yake maneno yale. Nisamehe. Kwa Mungu nimeshaomba na naamini amenisikia, kwako ndiko nilikokuwa naogopa.

Sasa nikueleze vile vioo ni nini, maana siku ile hakuna aliyekueleza kitu, tulikuwa tunapiga mayowe tu. Unaijua ile sola ndogo juu ya duka la Ndete, ile iliyowafanya wanaume wote wa Wamunyu wahamie pale wakati wa Kombe la Dunia. Ukiitazama utaona si vipande vipande vya buluu kama ile ya zahanati. Ni kioo kimoja, na nyuma yake kimepakwa kitu chembamba sana cha rangi ya kahawia. Jua likipita kwenye kioo na kugonga hiyo kahawia, umeme unazaliwa. Shida ni namna ya kuutoa. Ukiweka waya nyingi mbele, umeziba jua. Usipoweka kitu, umeme unafia humo humo. Kwa hiyo kati ya kioo na ile kahawia lazima kuwe na ngozi nyingine, inayopitisha mwanga kama kioo na kupitisha umeme kama waya. Wewe huwezi kuiona, hata mimi siioni. Inajulikana kwa mita tu.

Ngozi hiyo ndiyo kazi yetu pale maabara ya chuo. Hutengenezwa kwa madini ya bati, si bati la paa, ni yale madini meupe ambayo fundi wa redio huyayeyusha akiunganisha waya. Huja kama maji kwenye chupa kutoka ng'ambo. Kioo tunakilaza juu ya chuma cha moto sana, halafu tunakinyunyizia yale maji kwa bomba dogo, kama mtu anayenyunyizia nyanya dawa. Umeshaona tone la uji likidondoka ubavuni mwa sufuria iliyo motoni, linavyoshika hata ukwangue na kisu? Basi ni hivyo. Kioo kikiwa na moto wa kutosha, ngozi inashika. Moto ukiwa hafifu, inakaa juu juu tu kama vumbi. Na huo moshi wake, Mwaitu! Unawasha koo kuliko pilipili inayokaangwa. Mimi ndiye fundi wa bomba. Watu hudhani kazi ya maabara ni kuvaa koti jeupe na kutembea polepole.

Mwenye vioo ni yule kijana aliyekuja jioni ile, Kweyu. Anasomea shahada ya pili, kwao ni Butere, na hapa mjini anakaa Kayole na binamu zake katika chumba kimoja chenye watoto wanaoruka kitandani kutwa nzima. Vioo vile vilikuwa ni kazi yake ya mwaka mzima. Kila kimoja kilinyunyiziwa kwa namna yake, moto huu au ule, maji mengi au machache, na matokeo yake ndiyo aliyotakiwa kuyaandikia kitabu chake cha kumalizia masomo. Ile dawa ya ng'ambo nayo imekwisha, na kwa huu mgomo wa wahadhiri hakuna wa kuagiza nyingine. Chuo kilipofungwa tuliambiwa maabara itatiwa kufuli, tukaona tuvitoe kabla havijafungiwa humo. Kayole visingemaliza wiki. Ndiyo sababu vilikuwa kwangu chini ya kitanda, vimefungwa kwa magazeti.

Na wewe ukaja. Nilikuita mwenyewe, unakumbuka, nilikuandikia uje ukae wiki nzima, nina jambo la kukwambia. Ulifika na mbaazi na asali na kuku aliye hai ambaye alinichafulia kibaraza chote, na nikafurahi kama mtoto. Lakini jambo lenyewe sikulisema siku ya kwanza, wala ya pili. Asubuhi nilikuwa nakwenda kazini kutia sahihi na kukaa bure, kwa sababu sisi mafundi hatukuwa kwenye mgomo. Jioni nikirudi nilikukuta umesugua kitu. Ulianza na masufuria yangu, ukaingia kwa masufuria ya Nangila, ukasugua vizingiti, ukasugua meza mpaka rangi ikatoka. Nangila alikuwa ananiambia nikuombe ukae mwaka mzima. Najua huwezi kuona kitu kina ukungu ukakiacha. Miaka yote hiyo ya msasa, ukipitisha kidole kwenye shingo ya twiga na kukuta pameparuza, unarudia.

Basi siku ile ulifagia chini ya kitanda ukakuta lile sanduku. Ukafungua magazeti ukaona vioo vimefunikwa na unga mweupe kama vilivyoingia chokaa. Ulidhani ni vioo vya fremu za picha, na mimi mvivu nimevitupa chini ya kitanda vinaharibika. Nangila amenisimulia yote. Ulimwomba jivu la jiko lake la makaa, ukalichekecha na kitambaa. Ukatoka mpaka pale wanapojenga ghorofa ukaomba mchanga laini. Ukakaa kibarazani juani, ukaanza na mchanga, ukamalizia na jivu, vile vile mnavyoanza na msasa wa kukwaruza na kumalizia na wa kulainisha. Kimoja baada ya kingine. Ulikuwa unaimba, Nangila anasema. Nyimbo za kanisa. Ulikuwa unanifanyia jambo zuri, na mimi nikaingia getini na kukulipa kwa kelele.

Nakueleza haya yote kwa sababu sitaki uendelee kuvaa lawama isiyo yako. Ule unga mweupe ulikuwa umetusumbua hata sisi. Hutokea pale matone mengine yanapokauka hewani kabla ya kufika kwenye kioo, kisha yanaanguka juu yake kama majivu. Kweyu hakuthubutu kuufuta. Alisema tukiugusa tutang'oa na ngozi ya chini, na mimi nilimwamini. Ndiyo maana nilipoona vimesuguliwa kwa mchanga nilijua kila kitu kimekwenda.

Halafu jioni ile ile Kweyu akaja kuchukua viwili vya kumwonyesha mwalimu wake. Wewe ulikuwa hujatoka kibarazani, macho mekundu, maana nilikuwa nimeshakuambia kila neno baya nililokuwa nalo. Ulipomwona ukainuka na goti lako hilo. Ukamwambia kwa Kiswahili chako cha Wamunyu kwamba wewe ndiye uliyeharibu, yeye ni kama mtoto wako, akusamehe. Na ukampa mikono yote miwili. Naye akaiweka yake nyuma ya mgongo. Akageuza uso akatazama ukuta. Akasema kwa sauti ndogo kwamba si neno, kisha akarudi kinyumenyume mpaka getini na kupotea.

Mwaitu, mimi nilikuona. Nilikuona umesimama na ile mikono hewani, hujui uipeleke wapi. Nangila akajifanya anaanua nguo. Nilitaka kukimbia nikushike, lakini nilikuwa nimeganda kama mti. Asubuhi yake nilipoamka ulikuwa umeshafunga kiondo chako, na hukutaka nikusindikize. Hukukasirika hata. Afadhali ungekasirika.

Sasa sikiliza yaliyotokea ulipoondoka, na usiruke mstari hata mmoja. Kweyu alirudi Jumamosi ile na mita yake ndogo. Tulikuwa tumekata tamaa, tulitaka tu kuhesabu hasara. Akaweka ncha mbili za mita juu ya kioo cha kwanza, sindano ikaruka kuonyesha umeme unapita. Akadhani amekosea. Akajaribu cha pili, ikaruka. Cha tatu hivyo hivyo. Tukatazamana. Tukakimbilia uani, tukachukua kile kisola chake kidogo cha kujaribia, tukakifunika na kimoja baada ya kingine juani, na kila kioo kilipitisha jua zaidi kuliko kilivyopitisha kabla ya wewe kukigusa. Unga umetoka, ngozi imebaki. Ile ngozi ni ngumu, Mwaitu, ngumu kuliko tulivyojua! Ulisugua kwa mchanga ukaishindwa. Nilianza kucheka nikashindwa kunyamaza, mpaka Nangila akatoka nje akidhani nimeshikwa na pepo.

Vichache ndivyo vilivyopoteza ngozi yao. Sindano haikutikisika hata kidogo. Tukatafuta ni vipi hivyo, tukakuta vyote ni vya ile wiki ambayo umeme wa chuo ulikuwa hafifu na chuma hakikupata moto. Wala hatukuwa tumeviona kuwa vibaya. Kwa mita vilikuwa sawa na wenzao, na Kweyu alikuwa tayari kuviandika kwenye kitabu chake kama vizuri. Ulivisugua ukavitoa kwenye kundi bila kujua.

Tukavibeba mpaka Donholm kwa mwalimu wake, Daktari Burale, ambaye kwa mgomo huu amekuwa mfugaji wa kuku kamili, tulimkuta na magwanda ya mvua anaosha banda. Alivishika kimoja kimoja akivigeuza kwenye mwanga. Akauliza tumepata wapi mashine ya kusugua, maana huko ng'ambo watu hujaribu ngozi kama hizi kwa mashine ili kuona kama zitahimili vumbi na kufutwa, na hapa chuoni hatuna. Alishangaa kwamba imesugua sawasawa kila pembe. Kweyu akasema si mashine, ni mama mmoja wa Wamunyu. Daktari alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Halafu akaacha kucheka na kumwambia Kweyu kwamba hilo la kusugua aliandike, ndiyo sura ambayo kitabu chake kilikuwa kinaikosa. Kwa hiyo hujamharibia masomo. Msomee Mutunga sehemu hii tu, kwa sauti, na yeyote mwingine anayekuuliza habari za safari. Na hicho kitabu kikiisha nitakuletea ukione.

Nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Nimepika chai, nimekunywa, nimefua leso ambayo haikuwa chafu. Sasa hakuna tena cha kufanya ila kuandika.

Mutunga aliniambia na neno jingine lako. Alisema ulipofika nyumbani ulimweleza habari ya yule kijana aliyekunyima mkono, na ukasema umeishi na kuzika na kuzaa, lakini hujawahi kuona moyo mgumu namna ile. Ukasema Mungu amhurumie msichana wa watu atakayeolewa na mtu asiyeweza kupokea mkono wa mama anayeomba msamaha.

Mwaitu, msichana huyo ni mimi.

Usiweke barua chini. Kaa hapo hapo. Hilo ndilo jambo nililokuitia Nairobi, na ndilo nililoshindwa kulisema siku zote zile nikakaa nakupikia chapati kama mjinga. Kweyu ameniomba nimwoe, yaani nisamehe kwa kuchanganyikiwa, ameniomba aje anioe, na moyo wangu umekubali zamani. Nilikuwa naogopa. Najua ulikuwa na yule mwalimu wa Mwala moyoni mwako. Najua unataka mkwe ambaye ukimsema kwa Kikamba anasikia, na kwao ni pa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nikawa najiambia nitasema kesho, nitasema tukishakula, nitasema Nangila akishaondoka.

Na ule mkono. Usiku ule alipotoka kwangu alitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Kayole, hakutaka hata kupanda gari. Kesho yake alinikuta pale kazini, na sijawahi kumwona mwanamume amevunjika namna ile. Vioo hakuvitaja kabisa. Aliniambia kwamba kwao, mwanamume akishatamka kuwa anamtaka msichana, mama wa msichana huyo ameshakuwa mkwe wake tangu siku ile. Hamshiki mkono, hamtazami usoni, akikutana naye njiani anampisha. Aliniambia angeweza kuvumilia kupoteza vioo vyote na masomo yote. Lakini kama angekushika mkono pale kibarazani, angekuwa amekwambia mbele ya mashahidi kwamba binti yako hamtaki. Akasema alisimama pale akiona mama anamwomba msamaha, na njia pekee ya kumheshimu ilikuwa ni kumnyima mkono, na hajui kama Mungu atampa kazi ngumu kuliko ile.

Wewe ungeelewa mara moja, kama ungejua. Si ndiyo ile nthoni yetu, haya ya mkwe mbele ya mama mkwe? Si huyu huyu Musau wa dada Nthoki ambaye ukitokea upande huu wa boma anarukia nyuma ya ghala, mpaka siku ile akakanyaga mzinga wa nyuki? Na ukacheka, lakini jioni ukasema huyo ni mkwe wa kweli. Kumbe na huyu alikuwa anarukia nyuma ya ghala, ila hapa Tena hatuna ghala, alikuwa na ukuta tu wa kutazama. Kosa ni langu mimi niliyekuwa katikati, nawajua nyote wawili, nikafunga mdomo.

Ninampenda, Mwaitu. Nalisema hivyo hivyo bila kulizungusha. Ni mtu wa polepole, mkimya, akiweka kitu chini anakiweka kwa mikono miwili. Hajawahi kunipandishia sauti hata siku nilipoangusha bomba na kuvunja kioo cha kwanza. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la nne, amelelewa na shangazi. Wazee wao wako tayari kuja. Hawajui ntheo, wale mbuzi wa posa, ni nini, itabidi mjomba awaelekeze habari za mbuzi, na wao watataka kuzungumza ng'ombe, na sijui watasikilizana kwa lugha gani. Lakini yeye amekataa wasitoke Butere mpaka wewe ujue kwa nini alikunyima mkono. Anasema hawezi kuingia kwenye boma la mtu anayedhani amemchukia.

Mimi nimemwambia kwamba jibu langu ni ndiyo, lakini kwamba bila yako sitaolewa. Sisemi hivyo ili nikubane. Ukiona moyo wako unakataa, kataa. Nitalia, nitanuna, nitakosa kuandika mwezi mzima, halafu nitarudi kuwa binti yako.

Mpe salamu dada Nthoki na watoto wake, na Musau huko nyuma ya ghala aliko. Waambie kina mama wa chama nimewakumbuka. Mutunga mwambie kofia aliisahau siku nyingine, safari hii amesahau mwavuli. Goti lipake ile dawa niliyokupa, usiihifadhi kabatini kama mali.

Limebaki moja. Barua hii sikuitia posta. Kweyu ameiomba aibebe mwenyewe kesho Jumamosi, kwa gari la kwanza. Ameniambia ataiacha kwa Ndete, na Ndete atakuletea, kisha yeye mwenyewe atageuza na gari hilo hilo arudi Nairobi, kwa sababu haifai mtu kama yeye kusogelea nyumba yako kabla ya wazee. Nilimwitikia. Lakini namjua, Mwaitu. Hatageuza. Hivi unavyosoma amekaa kwenye lile benchi nyuma ya duka, upande usioonekana kutoka kwako, anajiambia anangoja jua lipungue. Hatauliza kitu. Hatamtuma mtu. Gari la mwisho la jioni likipiga honi ndipo atakapoinuka.

Usiende wewe. Ukimtokea ataruka ua wa Ndete na miguu yake mirefu. Ukikataa, usifanye lolote, yeye ataelewa na ataondoka kwa amani. Lakini ukikubali, washa moto upike, chochote kile kilichopo, hata kama ni isyo la jana, mahindi na maharagwe tu. Mpe Mutunga apeleke. Kweyu hajala tangu alfajiri, na anajua maana ya kupikiwa na mama wa nyumba hiyo.

Ni mimi binti yako, niliyekaa Tena nasikiliza kila gari linaloingia,

Kathini wa Nyamai